Afisa wa Ngazi ya Juu Akivuruga Zabuni: Kumfuta Kazi kwa Haki Kunahitaji Nini?

Katika mikutano ya umma, iwe ya bajeti au ya kukagua miradi, kuna swali lisiloisha. Mkazi anasimama, anataja mradi ambao pesa zake zimelipwa lakini kazi haionekani, kisha anauliza: mbona aliyetia sahihi bado yuko ofisini? Watu hupiga makofi. Jibu kutoka meza ya mbele huwa fupi: suala linachunguzwa, tuwe na subira.

Upande mmoja unataka afisa afutwe leo kabla jua halijatua. Upande wa pili unataka kila mtu angoje mpaka mahakama iamue. Sheria za Kenya hazikubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili. Afisa hawezi kufutwa kabla ya kusikizwa, hata kama ushahidi unaonekana wazi kama mchana. Na mwajiri halazimiki kungoja hukumu ya jinai ndipo amwachishe kazi mtu aliyevuruga ununuzi wa umma. Makala haya yanaeleza njia iliyo katikati ya hayo mawili. Njia hiyo ikirukwa, anayelipa ni mlipa ushuru wa Sigowet, Kaplelartet, Soliat na Soin, sawa na wenzake wa sehemu nyingine za kaunti.

Kosa lenyewe ni lipi

Kifungu cha 227 cha Katiba kinataka taasisi za umma zinunue bidhaa na huduma kwa njia ya haki, usawa, uwazi, ushindani na gharama nafuu. Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya Umma ya mwaka 2015 ndiyo inayoeleza namna ya kufanya hivyo. Ukiisoma utakuta makosa mengi ambayo hayafanani na wizi tunaoujua. Hakuna anayeonekana akikimbia na gunia la pesa. Kila kitu kina karatasi, na karatasi zote zina mihuri.

Tuchukue mfano wa kubuni. Idara inataka mabomba ya mradi wa maji, na thamani yake inahitaji zabuni ya wazi. Afisa anaigawa kazi hiyo vipande vinne, kila kipande kikiwa chini ya kiwango kinachotakiwa kutangazwa, halafu anaomba bei kwa watu watatu anaowajua. Kugawa zabuni namna hiyo kumekatazwa na kifungu cha 54. Au zabuni inatangazwa vizuri, lakini mabomba yanayoletwa ni membamba kuliko yaliyoagizwa, na kamati ya ukaguzi na upokeaji inatia sahihi kwamba mzigo uko sawa. Au kampuni iliyoshinda ni ya shemeji yake afisa na hakulisema hilo. Au bei ya bomba moja ni mara mbili ya ile ya duka la vifaa pale Sondu, ilhali sheria inataka bidhaa za kawaida zinunuliwe kwa bei ya soko.

Hata hivyo, si kila kasoro ni utovu wa nidhamu wa kumfukuzisha mtu. Tangazo lililochelewa siku mbili, hesabu iliyokosewa na kurekebishwa, fomu iliyopotea kisha ikapatikana: haya ni mambo ya kuonywa au kufundishwa. Kinachotazamwa ni kama afisa alijua au alipaswa kujua, kama alinufaika yeye au mtu wake, kama umma ulipata hasara, na kama ni mazoea au ni mara ya kwanza. Adhabu ya kumfuta mtu aliyetumikia miaka 20 lazima ilingane na uzito wa alichofanya.

Cheo cha juu hakimlindi mtu. Kinamwongezea mzigo. Kifungu cha 44 cha sheria hiyo ya ununuzi kinasema anayewajibika kwanza ni afisa mhasibu wa taasisi, ambaye kwenye idara za kaunti kwa kawaida ni afisa mkuu wa idara. Utetezi unaosikika sana ni huu: mimi niliidhinisha tu nilicholetewa. Kamati ya tathmini ilipendekeza, mkuu wa ununuzi akaandika maoni yake ya kitaalamu, nami nikatia sahihi. Utetezi huo unaweza kuwa wa kweli na unastahili kusikizwa. Lakini sahihi ya mwisho haikuwekwa kwenye sheria iwe pambo. Aliyepewa mamlaka ya kuidhinisha alipewa pia mamlaka ya kukataa.

Kuna na upande mwingine ambao hausemwi vya kutosha. Mara nyingine anayefutwa ni karani wa stoo, na mkubwa aliyempigia simu akimwamuru apokee mzigo anabaki kwenye kiti chake. Uchunguzi wa haki humfuata kila aliyeshika karatasi hiyo, kutoka aliyeandika maelezo ya bidhaa hadi aliyelipa. Watu wawili wakifanya kosa lile lile, mmoja akafutwa na mwenzake akaonywa tu bila sababu ya maana, yule aliyefutwa anapata hoja nzito ya kwenda nayo mahakamani.

Hukumu ya jinai si sharti

Hapa ndipo wengi hupotea, wakiwemo baadhi ya viongozi. Kesi ya jinai ya ufisadi hutaka ushahidi usioacha shaka yoyote ya maana, na inaweza kuchukua miaka. Nidhamu ya kazini ina kipimo kingine. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri athibitishe sababu za kumwachisha mtu kazi, na sababu hizo ni mambo ambayo mwajiri, wakati ule wa kuamua, aliamini kwa dhati kwamba yapo. Mahakama ya Rufaa ililifafanua hilo mwaka 2019 katika kesi iliyohusu Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, KRA: kipimo ni uzito wa ushahidi wa upande mmoja dhidi ya mwingine, wala si kile cha kesi ya jinai. Kifungu cha 44 nacho kinahesabu kuwa kosa kubwa hata kule kushukiwa, kwa misingi ya kutosha, kutenda jinai dhidi ya mwajiri au mali yake.

Kuamini kwa dhati si kusikia uvumi sokoni. Lazima kuwe na uchunguzi, na uchunguzi uwe na vitu vya kushikwa: vocha za malipo, hati za kupokelea mzigo, kumbukumbu za kamati, vipimo vya bomba lenyewe. Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, ikiwa na uchunguzi wake, kaunti inaweza kuendelea na wa kwake. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba hakuna la kufanya mpaka mahakama iamue, una haki ya kuuliza: kesi ya nidhamu imefika wapi? Kwa maoni ya mwandishi, maneno "tusubiri mahakama" yamewahi kuwa mwavuli wa kukwepa kazi hiyo mara nyingi kuliko yalivyokuwa heshima kwa mahakama.

Afisa akishafikishwa mahakamani kwa shtaka la ufisadi au uhalifu wa kiuchumi, Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ya mwaka 2003, kifungu cha 62, inataka asimamishwe kazi kwa nusu mshahara. Hiyo nusu ndiyo inayowakera wakazi: kwa nini alipwe akiwa nyumbani? Ni kwa sababu bado hajapatikana na hatia. Akiachiliwa, hurudishiwa sehemu iliyozuiliwa.

Kuachiliwa huko, hata hivyo, hakufuti kwa wenyewe uamuzi wa nidhamu uliofanywa sawasawa. Na afisa aliyefutwa asikae akingoja kesi ya jinai iishe ndipo alalamikie kufutwa kwake. Muda wa kushtaki kuhusu ajira ni miaka 3, na Mahakama ya Rufaa ilisema mwaka 2016 kwamba miaka hiyo huhesabiwa tangu siku ya kufutwa, si tangu siku ya kuachiliwa na mahakama ya jinai.

Kusikizwa maana yake nini

Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ni kifupi na hakina njia ya mkato. Kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, mwajiri lazima amweleze, kwa lugha anayoielewa, sababu anazofikiria kumwondolea. Mfanyakazi ana haki ya kuja na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Lazima asikizwe, na yule aliyekuja naye pia asikizwe, na waliyosema yafikiriwe kabla ya uamuzi kutolewa. Hata kufutwa papo hapo kwa kosa kubwa hakuondoi haja ya kusikizwa. Kwa watumishi wa umma Katiba imeongeza nguvu: kifungu cha 236 kinasema mtumishi wa umma hawezi kufutwa, kushushwa cheo wala kuadhibiwa bila kufuata utaratibu wa sheria.

Wazee wetu hawatakuta jambo geni hapo. Kwenye kokwet, mtu hatozwi faini akiwa hayupo. Huitwa, huambiwa nani analalamika na juu ya nini, husema, na mashahidi wa pande zote husema, ndipo wazee waamue.

Kwa vitendo, njia huanza na barua ya kumtaka afisa ajieleze. Barua nzuri hutaja zabuni gani, tarehe gani, kiasi gani na kanuni gani iliyovunjwa. Barua mbaya husema tu kwamba "umehusika na dosari katika ununuzi", na mtu hawezi kujibu maneno kama hayo. Afisa apewe siku za kutosha kujibu, na apewe karatasi anazozihitaji, maana akishasimamishwa kazi hana tena ufunguo wa ofisi ilimo faili yake. Halafu kikao. Halafu uamuzi wa maandishi wenye sababu. Anayekaa kwenye kamati asiwe na uhusiano na zabuni hiyo, na asiwe ameshatangaza uamuzi kwenye redio juma lililotangulia.

Kesi ya Msajili Mkuu wa Mahakama

Kesi inayofunza zaidi kuhusu jambo hili haikutoka kwenye kaunti yoyote. Ilitoka ndani ya Idara ya Mahakama yenyewe. Gladys Boss Shollei aliteuliwa Msajili Mkuu wa idara hiyo mwaka 2011. Kwa mujibu wa Katiba, mwenye cheo hicho ndiye msimamizi mkuu na afisa mhasibu wa Idara ya Mahakama, kwa hiyo matumizi ya fedha na ununuzi vilikuwa chini yake. Agosti 2013 Tume ya Huduma za Mahakama, JSC, ikiongozwa na Jaji Mkuu Willy Mutunga, ilimpeleka likizo ya lazima ili kupisha uchunguzi. Baadaye ikamwandikia tuhuma 87, nyingi zikihusu ununuzi na matumizi ya fedha, na kumtaka azijibu. Alijibu kwa maandishi na kujitetea. Tarehe 18 Oktoba 2013 tume ikamwondoa kazini.

Shollei alikwenda mahakamani, na malalamiko yake makubwa yalikuwa juu ya utaratibu. Alikuwa ametaka kikao kiwe cha wazi. Alikuwa ametaka baadhi ya makamishna wajiondoe kwa sababu hakuamini wangemtendea haki. Machi 2014 Jaji Nduma Nderi wa Mahakama ya Viwanda, kama ilivyoitwa wakati huo, alikubaliana naye kwamba haki zake zilikiukwa. JSC ilikata rufaa, na kabla mwaka huo wa 2014 haujaisha Mahakama ya Rufaa ikaubatilisha uamuzi wa Jaji Nderi, ikiridhika kwamba alijulishwa tuhuma na akapewa nafasi ya kujitetea. Akaenda Mahakama ya Juu. Februari 17, 2022 mahakama hiyo ikaikataa rufaa yake. Tangu siku ya kuondolewa ilikuwa imepita miaka minane na miezi.

Tazama kilichobishaniwa miaka hiyo yote. Majaji walishughulika zaidi na barua, muda wa kujibu, nani alikaa kwenye kikao na kama kikao kilipaswa kuwa wazi. Faili ile ile moja ilisomwa na mahakama mbili zikatofautiana. Kama tume inayoongozwa na Jaji Mkuu iliweza kushindwa katika hatua ya kwanza, basi idara ya kaunti inayomfuta mtu kwa barua ya aya mbili isitegemee bahati.

Jambo la pili ni kwamba kuondolewa kazini hakukuwa hukumu ya jinai. Mwaka 2017 Shollei alichaguliwa kuwa Mwakilishi wa Wanawake wa Uasin Gishu, akachaguliwa tena mwaka 2022, na mwaka huo akawa Naibu Spika wa Bunge la Taifa. Kuna wanaoona hilo kama dosari ya sheria. Wengine wanaona ndivyo inavyopaswa kuwa, kwamba mwajiri anaweza kupoteza imani na mtu bila nchi nzima kumhukumu. Sheria kwa sasa iko upande wa hawa wa pili.

Gharama ya kuruka hatua

Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo husikiza kesi hata Kericho mjini, ikiona mtu alifutwa isivyo haki inaweza kuamuru alipwe fidia ya hadi mishahara ya miezi 12, pamoja na notisi na siku za likizo ambazo hakuzitumia. Inaweza hata kuamuru arudishwe kazini. Piga hesabu ya mfano: afisa anayelipwa Sh250,000 kwa mwezi anaweza kupewa Sh3,000,000, bila kuhesabu gharama za mawakili. Pesa hizo hazitoki mfukoni mwa aliyeandika barua kwa hasira. Hutoka kwenye bajeti ile ile inayongojwa na zahanati na barabara za mashambani.

Hapo ndipo uchungu ulipo. Afisa anaweza kuwa alikosa kweli, na bado akalipwa, kwa sababu tu hakuitwa asikizwe. Mahakama huruhusiwa kutazama mchango wake katika yaliyompata na kupunguza fidia, na mara nyingine hufanya hivyo. Lakini kupunguza fidia si kuizuia. Umma huwa umelipa mara mbili, kwanza kwa mabomba membamba, halafu kwa aliyeyapokea.

Nani anamfuta nani

Wakazi wengi hudhani gavana anaweza kumfuta mtu yeyote wa kaunti. Sivyo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 imegawa mamlaka. Waziri wa kaunti huteuliwa na gavana kwa idhini ya Bunge la Kaunti, na gavana anaweza kumfuta chini ya kifungu cha 31. Bunge nalo lina njia yake ya kutaka aondolewe, kifungu cha 40. Hata hapo mamlaka ya gavana yana mpaka. Katika kesi ya Kaunti ya Nyeri mwaka 2015, Mahakama ya Rufaa ilisema gavana hawezi kumfuta waziri wake kwa kupenda tu. Lazima kuwe na sababu ya maana.

Wakurugenzi, wakuu wa ununuzi, wahasibu na watumishi wengine wako chini ya Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Bodi hiyo ndiyo yenye mamlaka ya nidhamu juu yao, na mkubwa wa idara akimwambia mtu "usirudi kesho" hajamfuta. Amempa tu ushahidi wa kwenda nao mahakamani. Asiyeridhika na uamuzi wa bodi anakata rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma, PSC, kwa maandishi, ndani ya siku 90. Kuruka hatua hiyo kuna adhabu yake: mwaka 2017, katika kesi ya Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti ya Wajir, Mahakama ya Rufaa ilisema lazima mlalamishi apite kwa tume kwanza kabla ya kwenda kortini.

Afisa wa ununuzi ana mlango mwingine unaoweza kufungwa. Wataalamu wa ununuzi husajiliwa na kupewa leseni na taasisi yao, KISM, na mwenendo mbaya unaweza kumgharimu leseni hiyo.

Kujiuzulu nako hakumalizi mambo. Wapo wanaoandika barua ya kujiuzulu siku moja kabla ya kikao, na watu husema ameponyoka. Kesi ya nidhamu huenda ikakosa mtu wa kuadhibu, lakini kifungu cha 226 cha Katiba kinasema mtumishi wa umma aliyeidhinisha matumizi ya fedha kinyume cha sheria anawajibika kurudisha hasara, awe bado yuko ofisini au ameshaondoka. Na sheria ya ununuzi ina adhabu ya faini isiyozidi Sh4,000,000, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili.

Afisa anayekataa kutia sahihi

Utaratibu huu wote unaonekana kama zawadi kwa wezi mpaka umkumbuke David Munyakei. Alikuwa karani wa Benki Kuu ya Kenya aliyeona malipo ya kutilia shaka yakienda kwa kampuni ya Goldenberg, na akapeleka nyaraka kwa wabunge wa upinzani. Mwaka 1993 alikamatwa na kushtakiwa kwa kutoa siri za serikali. Mashtaka hayakufika popote, lakini kazi hakuipata tena. Alifariki mwaka 2006. Goldenberg haikuwa zabuni ya mabomba, lakini njia ya kumwondoa mtu anayesumbua wakubwa ni ile ile: mpe kosa, mfute haraka, asipate pa kusemea.

Katika ofisi ya ununuzi ya leo, anayesumbua ni yule anayesema mzigo huu haukufika wote, sitii sahihi. Tuhuma dhidi yake ni rahisi kutungwa, kwa kuwa jina lake limo kwenye kila faili. Akiwa na haki ya kuona karatasi, kuita mashahidi na kupata sababu kwa maandishi, uongo huo una nafasi ya kuonekana. Tukiifuta haki hiyo kwa sababu ya hasira yetu juu ya mwizi, huyu ndiye wa kwanza kuikosa.

Mkazi anaweza kufanya nini

Kesi nyingi za nidhamu huanguka kwa kukosa ushahidi, na ushahidi mara nyingi uko kwa majirani wa mradi. Mama anayeuza mboga mkabala na zahanati anajua lori lilifika lini na lilishusha nini kuliko mkaguzi atakayekuja mwaka ujao. Andika tarehe. Piga picha ya mzigo na ya kibao cha mradi. Hesabu. Mkulima wa majani chai anayehifadhi risiti zake za kilo kutoka kituo cha kununulia anajua nguvu ya karatasi anapobishana na karani wa mizani. Kauli iliyoandikwa na kutiwa sahihi na mtu aliyeona kwa macho yake ina uzito mbele ya kamati ya nidhamu; kelele za mkutanoni hazina.

Unaweza kupeleka malalamiko kwa ofisi ya msimamizi wa wadi, kwa Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, au kwa EACC. Unaweza kuwasilisha ombi rasmi kwa Bunge la Kaunti. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuhusu kaunti ni za umma, na ndani yake mara nyingi utakuta mradi unaoujua kwa jina.

Unaweza pia kuomba taarifa chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na asiyejua kuandika anapaswa kusaidiwa na afisa wa habari wa ofisi husika. Jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Kuhusu zabuni, omba jina la aliyeshinda, bei na tarehe. Kifungu cha 138 cha sheria ya ununuzi kinataka mikataba iliyotolewa itangazwe hata bila kuombwa. Kuhusu afisa mwenyewe, unaweza kuuliza kama kesi ya nidhamu imefunguliwa, imefika hatua gani, na uamuzi ukishatoka, ulikuwa upi. Kinachoweza kukataliwa ni faili yake binafsi: hali yake ya afya, mambo ya familia yake, na majina ya mashahidi wanaohitaji kulindwa. Ukinyimwa zaidi ya hapo, malalamiko yanapelekwa kwa Tume ya Haki za Kiutawala.